Mwanangu wa miaka 6 amewekwa kundi la mwisho la hoki. Nimhamishe?

«Shikamoo mwalimu. Sisi ni familia ya Kitanzania, tunaishi Kitchener, Ontario. Mtoto wetu wa pili atatimiza miaka 7 tarehe 28 Novemba. Mwaka jana alianza kuteleza kwenye barafu, akapenda mno, na msimu huu tumemwandikisha hoki, kundi la umri la U9 (walio chini ya miaka 9). Wiki mbili zilizopita walifanyiwa mchujo wa siku tatu, makocha wamekaa jukwaani na makaratasi. Watoto walikuwa kama 60. Juzi majibu yakaja kwa barua pepe: makundi manne, na wetu yuko la nne. Rafiki yake wa darasani, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, yuko la kwanza. Mtoto akaniuliza, "Mama, kwani mimi ni mbovu?" Nikakosa la kusema. Baba yake amekasirika, anasema huko chini hatajifunza kitu, tumpeleke klabu ya binafsi iliyoahidi kumpandisha, nao wanataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa ijayo. Mimi nafikiria hata kumtoa kabisa. Tena niseme ukweli, katika watoto wote wale mweusi ni yeye peke yake, na mawazo hayaniishi. Ni sawa kuwagawa watoto wadogo hivi kwa uwezo? Tumechelewa?»

Marahaba dada yangu, na pole. Najua barua pepe hiyo inavyosomwa: mara tatu, kama vile mara ya nne itasema kitu kingine. Nimeziandika nikiwa kocha na nimezipokea nikiwa mzazi, na kuipokea kunauma zaidi.

Umeuliza mambo kadhaa, lakini nadhani linalokukosesha usingizi ni moja: je, hawa watu wameshaamua mwanangu ni nani? Hawajaamua. Na hata wangetaka, wasingeweza, maana mchujo wa umri huu hauna macho ya kuona mbali kiasi hicho. Kwa sehemu kubwa walichopima ni vitu viwili: mtoto kazaliwa lini, na kakanyaga barafu kwa saa ngapi.

Tuanze na kuzaliwa. Kanada huhesabu umri wa hoki kwa mwaka wa kalenda, Januari mosi hadi Desemba 31, na U9 hubeba watoto wa miaka miwili ya kuzaliwa kwa pamoja. Mwanao yuko katika ule mwaka mdogo, na ndani ya mwaka huo yuko mkiani. Mtoto aliyezaliwa wiki ya kwanza ya Januari ya mwaka wa mbele yake anapimwa naye siku ileile, kwa karatasi ileile, akiwa amemzidi karibu miezi 23. Mwanao mwenyewe ana miezi 83 hivi tangu azaliwe. Piga hesabu: ni zaidi ya robo ya maisha yake yote. Kwangu na kwako miaka miwili si kitu. Kwa watoto hawa ndiyo tofauti ya anayejifunga kamba za viatu na anayefungwa na mama yake.

Jambo hili lina historia, na historia yenyewe ni ya hoki. Mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, alikuwa kwenye mechi ya vijana huko Lethbridge, Alberta, pamoja na mkewe Paula. Mkewe akafungua kile kijitabu cha orodha ya wachezaji na akaona ajabu: tarehe za kuzaliwa zilikuwa Januari, Februari, Machi, tena Januari. Mwaka 1985 Barnsley na wenzake wakachapisha matokeo yao. Katika ligi kuu za vijana, waliozaliwa miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mara kadhaa kuliko wa miezi mitatu ya mwisho. Hakuna nyota wala falaki hapo. Mtoto wa Januari huonekana ana kipaji kwa kuwa tu ni mkubwa. Anapewa kundi la juu, kocha mzuri zaidi na barafu zaidi. Mwaka unaofuata kweli amekuwa bora, nasi makocha tunatazamana na kusema, «si tuliona tangu mapema?» Ni mganga aliyechimba kisima usiku, kisha asubuhi akapiga ramli ya maji.

La pili ni saa za barafu. Sijui habari za huyo rafiki yake, lakini watoto wengi wa huko wanavaa viatu vya barafu wakiwa na miaka mitatu. Wapo ambao baba zao, baridi ikishika Januari, humwaga maji uani usiku, asubuhi wana uwanja wao nyuma ya jiko. Mtoto wa namna hiyo akifika kwenye mchujo ana miaka minne miguuni. Wako ana mmoja. Wala si uvivu wenu. Sisi tulikokulia barafu ilikuwa ya kutia kwenye juisi. Ukiachia uwanja mdogo wa ndani ya jengo la Panari kule Nairobi, ambako timu ya Ice Lions ya Kenya hufanya mazoezi, ukanda wetu wote hauna desturi hiyo. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kukanyaga barafu nilikuwa mtu mzima mwenye familia, na nilishika ukuta dakika arobaini.

Sasa fikiria mchujo wenyewe unavyokwenda. Mtoto anateleza mbele, anateleza kinyumenyume, anasimama ghafla kwa kushoto na kwa kulia, anapitisha paki (kile kisahani cheusi cha mpira) kati ya koni, kisha wanachezeshwa mechi fupi. Yote hayo ni ya miguu. Kuona paki inaelekea wapi kabla haijafika, kumwona mwenzako aliye peke yake, kuanguka na kuinuka bila kutazama jukwaani nani kamwona, hayo ndiyo yanayokuja kumtenga mchezaji na mtelezaji baadaye, na karatasi haina kisanduku chake.

Nikuibie siri ya jukwaani. Msimu mmoja nilimpa mtoto alama ya chini kabisa siku ya kwanza, maana kila kona alikuwa chini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikuwa mtoto mwingine, anakata kona kama kisu. Nilimuuliza baba yake wamemfanya nini, akasema wamempeleka dukani kunoa viatu. Nilikuwa nimekaa siku mbili nikimpima mtoto kumbe napima chuma.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria klabu wala malalamiko, naomba uangalie viatu vya mwanao. Nasisitiza hili kwa sababu wazazi wa kwetu tuna tabia moja, nami ninayo: tunanunua kikubwa ili kimfae na mwakani. Kwa sare ya shule ni akili. Kwa viatu vya barafu ni kumfunga mtoto ndoo miguuni. Kiatu cha hoki kwa kawaida huwa kidogo kwa saizi moja au moja na nusu kuliko kiatu chake cha shule. Legeza kamba zote, mwambie asukume mguu mbele mpaka vidole viguse ncha, kisha ingiza kidole chako nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja, vizuri. Vikiingia viwili, kiatu ni kikubwa na kifundo cha mguu kinalala ndani kila anapojaribu kujisukuma. Soksi iwe moja na nyembamba. Soksi mbili za sufu hazimpi joto, zinamnyima mguu kuhisi barafu. Na makali: viatu vipya vya hoki mara nyingi hutoka dukani havijanolewa kabisa, jambo ambalo hakuna anayemwambia mzazi mgeni. Pitisha ukucha polepole kukatisha ukingo wa chuma. Kama haukwanguliki hata kidogo, mtoto amekuwa akisimama juu ya kijiko. Kunoa ni pesa kidogo na dakika chache. Siwezi kukuahidi kwamba hapo ndipo penye tatizo, ila nimeliona mara nyingi mno kwa familia zetu kiasi kwamba siwezi kuendelea bila kulisema.

Tuje kwenye swali lako kubwa, kama ni sawa kuwagawa. Hapa huenda nisimfurahishe yeyote kati yenu wawili, kwa sababu kugawa kwenyewe si dhambi.

Kama mlikulia mtaani Tanzania, mnaikumbuka chandimu. Manahodha wawili, mmoja huyu mmoja yule, wanachagua kwa zamu, wale wawili wakali kuliko wote hawaruhusiwi kukaa upande mmoja. Timu zinalingana kwa dakika mbili bila kocha wala karatasi, kwa sababu kila mtu anajua mchezo wa kumi kwa sifuri hufa kabla ya magharibi. Ilikuwa shule nzuri, na mzee mwenzangu yeyote atakuapia kwamba tulijifunza kwa kucheza na wakubwa. Lakini hebu mkumbuke yule mdogo kuliko wote. Aligusa mpira mara ngapi? Alikuwa golini kama hakuna kipa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuufuata mtaroni ukitoka. Wale tunaosimulia kwamba chandimu ilitukomaza ni tuliobaki. Waliochoka kuokota mpira walirudi nyumbani, hawasimulii.

Kwenye barafu tofauti hiyo ni kali zaidi kuliko kwenye vumbi, kwa sababu ya kasi. Mtoto anayeteleza vizuri anaweza kwenda mara mbili ya mwenzake bila kutoka jasho. Mpeleke mwanao kundi la kwanza kesho: atafika kila mahali paki ilipokuwa. Saa nzima atakuwa kwenye mazoezi ya kukimbiza migongo. Mtoto hujifunza kwa kugusa, kukosea na kugusa tena, na ili aguse lazima awe na watu ambao mara anawashinda, mara wanamshinda. Katika kundi la nne huenda akagusa paki mara nyingi kuliko atakavyoigusa popote pengine mwaka huu. Mwambie mzee wa nyumba hilo kwa upole, maana «huko chini hatajifunza» ni kinyume cha ninachokiona kwa watoto wa hatua yake.

Wakubwa wa mchezo wenyewe wamelielewa hili, ingawa kwa mvutano. Marekani walianzisha mpango wao mpya wa malezi ya wachezaji mwaka 2009, na wadogo wakaanza kucheza kwa kukatisha upana wa uwanja badala ya urefu. Kanada ikaagiza vivyo hivyo kwa watoto wadogo kabisa kuanzia msimu wa 2017-18, kisha nusu uwanja kwa umri wa mwanao miaka miwili baadaye. Wazazi waligomba kweli, wanasema watoto wao wanadhalilishwa. Lakini uwanja kamili una urefu wa mita 61 na upana wa 26, umetengenezwa kwa watu wazima. Mtoto wa miaka sita kuuvuka ule ni safari. Hata paki hubadilishwa mahali pengi: ya kawaida ni gramu 170, ya watoto ni ya bluu na ina gramu 113 tu. Kama chama chenu bado kinawapa wadogo ile nyeusi, ni swali halali la kuuliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mazoezini, sehemu fulani ya saa, wagawe kwa uwezo ili kila mtoto apate zoezi la kiwango chake. Kwenye mechi, changanya na linganisha timu kama chandimu. Na makundi yawe yanapumua: mtoto anaingia na kutoka kadiri msimu unavyokwenda. Sitetei kundi lililofungwa kwa kufuli mwezi Oktoba likafunguliwa Aprili. Hilo linageuka jina la mtoto. Waliopewa wachanga wa ukocha wanapata maneno machache na subira kidogo, waliopewa kocha mkuu wanasahihishwa kila dakika, na ile hadithi ya kisima inaanza tena. Watoto nao wanajua. Unaweza kuyaita makundi simba, tembo, twiga na chui, wiki ya pili kila mtoto anajua twiga ni wapi.

Wanorwe wamekwenda mbali zaidi. Tangu 1987 michezo yao ya watoto ina kanuni zake maalumu, baadaye ikaongezwa hati ya haki za mtoto, na kwa kanuni hizo hakuna kuchapisha msimamo wa ligi wala orodha ya washindi kabla mtoto hajafika miaka 11. Nchi hiyo ya watu milioni tano na ushei iliongoza kwa medali katika Olimpiki ya baridi ya 2018. Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: medali hizo hazikuja kwa hati ile peke yake, na katika hoki yenyewe Norwe si tishio kwa Kanada. Ninachokichukua kwao ni kidogo tu: kwamba inawezekana kulea watoto wengi wanaopenda mchezo bila kuwapanga kwenye ngazi wakiwa na meno ya utoto.

Sasa chama chenu ni cha aina gani, kinachopumua au cha kufuli? Siwezi kujua kwa barua, wewe utajua kwa kuuliza. Usiulize usiku wa leo na wala si ukiwa umesimama ukingoni mwa uwanja na kocha ana filimbi mdomoni. Subiri siku moja mbili, kisha andika barua fupi. Uliza makundi yanapitiwa upya lini, na mwaka jana ni wangapi walihama katikati ya msimu. Wakijibu «tunapitia kila baada ya wiki sita», una jambo la kushika. Wakijibu «tutaona», umejua pia. Uliza kama makundi yote manne yana saa sawa za barafu na kama kuna kocha mzoefu anayelizungukia la nne. Hili ndilo zito kuliko yote. Ningekubali mwanangu awe kundi la nne lenye kocha mzuri kabla ya kukubali awe la pili chini ya mzazi aliyejitolea ambaye anatazama simu. Mwisho omba wakuambie vitu viwili ambavyo mtoto anaweza kuvifanyia kazi. Kocha aliyemwona kweli atakutajia: «kusimama kwa mguu wa kushoto, na kukunja magoti zaidi.» Ambaye hakumwona atakuambia ajitahidi.

Kuomba apandishwe sasa hivi? Sikushauri, isipokuwa kama utamkuta kwenye mazoezi anamaliza kila zoezi kabla ya wenzake na anakaa anawasubiri. Kaa jukwaani wiki tatu, uone. Anayeanguka na kucheka, anayegusa paki mara nyingi, anayetoka amelowa jasho, yuko mahali pake kwa sasa.

Swali la rangi sitalikwepa, maana najua lilivyokugharimu kuliandika. Mtoto wa Novemba katika mwaka mdogo, mwenye msimu mmoja tu wa kuteleza, kuwekwa kundi la nne kati ya manne ndilo ambalo ningelitarajia kwa mtoto wa rangi yoyote. Lakini kutarajia kwangu si ushahidi, na historia ya mchezo huu haina haki ya kukuambia unawaza vibaya. Yapo ya kuangalia. Je, wapo watoto wa umri wake na uzoefu kama wake waliowekwa juu? Waliotoa alama walikuwa watu wa nje, au ni baba wa watoto haohao? Na mazoezini, anaitwa kwa jina lake, anasahihishwa kama wengine, anapewa zamu sawa? Ikitokea neno la kibaguzi, iwe kwa kocha, mzazi au mtoto, andika siku hiyohiyo: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Peleka kwa chama kwa maandishi. Kanuni za hoki ya Kanada zinaadhibu matusi ya ubaguzi, na huhitaji kuwa na uhakika wa nia ya mtu ili kuripoti alichosema.

Na mwonyeshe mwanao picha za Willie O'Ree wa Fredericton, New Brunswick, mweusi wa kwanza kucheza NHL (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada), tarehe 18 Januari 1958, akiwa na Boston Bruins. Alicheza jicho moja likiwa karibu halioni kabisa, na aliificha siri hiyo. Kwa taarifa ya kijana, naye ni mtoto wa mwishoni mwa mwaka, wa Oktoba.

Mmechelewa? Hapana. Mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake walichapisha utafiti juu ya wachezaji waliochaguliwa kuingia NHL katika miaka mingi. Walikuta kwamba waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka, wakishafika hapo, walikuwa na nafasi karibu mara mbili ya wale wa miezi ya mwanzo kudumu na kufanikiwa katika ligi. Timu zilikuwa zinawadharau kwa kuchelewa kukomaa. Lakini soma vizuri: wanaozungumziwa ni wale waliofika. Wengi wa Novemba hawakufika kwa sababu walishaacha, na wengi waliacha kwa kuwa mtu mzima fulani alikata tamaa kabla yao. Na tusidanganyane, katika watoto wale 60, pamoja na wa kundi la kwanza, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna hata mmoja atakayelipwa kucheza. Kinachogombewa hapa ni kama mwanao akiwa na miaka 12 bado atakuwa anapenda kwenda.

Kuhusu klabu ya binafsi, zipo nzuri. Faida yake huwa ni watoto wachache kwa kila kocha na mtu aliyesomea kufundisha kuteleza. Kinachonitia shaka ni ahadi. Anayekuahidi kumpandisha mtoto ambaye hajamwona, na kukuwekea siku ya mwisho ya malipo, anakuuzia ngazi. Kama fedha ipo na mnataka kuitumia, kwa umri huu ningeinunulia saa za barafu za kawaida: zile saa ambazo uwanja wa manispaa hufunguliwa kwa watu wote, ada ndogo, hakuna koni wala filimbi. Mara moja kwa wiki, dakika 45, anakimbizana na dada yake. Kiangazi mwacheni acheze soka, aogelee, apande miti. Jean Côté wa Chuo Kikuu cha Queen's, hapohapo Ontario, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kati ya miaka 6 na 12 mtoto anafaidika kwa kuonja michezo mingi na kucheza bila kusimamiwa, na kwamba wengi waliofika juu katika michezo kama hoki walipita njia hiyo.

Kumtoa kabisa? Yeye mwenyewe hajaomba kutoka. Ameuliza kama ni mbovu, nalo ni swali lingine, bado linakusubiri. Usimwambie «wewe ni bora kuliko wao», ana macho. Usimwambie makundi hayana maana pia. Ningemwambia hivi: «Hapana, baba. Wamewaweka pamoja watoto wanaojifunza vitu vinavyofanana. Ninyi mnajifunza kusimama na kugeuka. Rafiki yako alianza zamani, yeye anajifunza vingine.» Kisha muulize ni kitu gani anataka kuweza kufanya kabla ya Krismasi. Kiwe kimoja na achague yeye. Na kwenye gari mkirudi, baba asiulize nani alifunga. Kwa kweli asiulize lolote mpaka mtoto aanze mwenyewe, hata kama anachoanza nacho ni njaa.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu, na hapo nenda ukaonane na mtu. Kama baada ya miezi miwili mitatu, viatu vikiwa sawa, bado anaanguka kuliko wanaoanza naye, na ukikumbuka hata ngazi, baiskeli, vifungo vya shati na kushika penseli vinamsumbua, mwone daktari wa familia. Wapo watoto ambao mwili wao unachelewa kupanga mienendo, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo huwasaidia sana wakiwahiwa. Pima macho pia. Mtoto asiyeona paki hawezi kukuambia haoni, maana hajui wengine wanaona nini. Akigonga kichwa kisha akalalamika kichwa kuuma, kichefuchefu, au akawa mzito na kama hayupo, atoke barafuni siku hiyohiyo na asirudi mpaka daktari aseme. Na kama tumbo linamuuma kila siku ya mazoezi, ameacha kula vizuri, au neno «mbovu» limehama kutoka hoki likaingia kwenye masomo na kulala, zungumza na daktari au mshauri wa shule bila kungoja msimu uishe.

Mwambie mumeo hasira yake naielewa, ni hasira ya baba aliyeona mwanawe amepangwa mwisho. Ila Ijumaa muiache ipite bila malipo. Jumamosi kabla ya mazoezi legeza kamba, mwambie asukume vidole mbele, na uniandikie umeingiza vidole vingapi.